Hela za watu kwenye akaunti ya muflisi: hukumu ya London ya 1880 ambayo bado inaamua nani apate nini

Kuna maswali mawili ya hela ambayo watu wanayachanganya sana, na ukiwasikiliza wanavyobishana utaona wanayajibu kama vile ni swali moja.

La kwanza linakuja kila benki inapofungwa. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano kwa mpigo, Efatha na Covenant zikiwemo, Kenya walishapitia Imperial Bank 2015 halafu Chase Bank 2016, na hoja ya wateja ni ileile siku zote, mle ndani kuna hela zangu, mimi sidai mtu, nataka changu. La pili halifiki kwenye taarifa ya habari ila lipo kila mtaa. Mhazini wa kikoba kafariki ghafla, michango ilikuwa inaingia kwenye akaunti yake binafsi maana kikundi hakijasajiliwa, kumbe marehemu alikuwa na madeni mpaka shingoni, na sasa wadai wake wote wanaitolea macho akaunti ileile yenye michango ya akina mama.

Majibu ya mtaani yanajulikana. La benki, hela ni yako kabisa. La mhazini, poleni, hela ikishaingia kwenye akaunti ya mtu imekuwa yake, pangeni foleni na wengine. Kisheria ni kinyume, yaani yote mawili ni kinyume, na mambo haya yalishaamuliwa London karne ya 19 kwenye kesi za benki, mawakili na watu waliofilisika.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno. Muflisi ni mtu ambaye madeni yamemzidi mali. Mfilisi ndiye anayepewa kazi ya kukusanya kilichobaki, kukiuza na kuwagawia wanaodai. Mdai ni yeyote ambaye muflisi anatakiwa amlipe. Na amana ni kitu kilicho mikononi mwa mtu lakini si chake, anamtunzia mwingine. Kitu hicho kinaweza kuwa hela, hati, mbuzi, chochote.

Sasa kila kitu kinategemea umesimama upande gani. Mdai anapanga foleni, kwa hiyo kama muflisi ana madeni ya milioni 10 na mali zote zikiuzwa zinafika milioni 2, mdai wa kawaida anaambulia senti 20 kwa kila shilingi anayodai, na hapo mfilisi hajakata gharama zake. Mwenye mali yeye hapangi foleni. Anaonyesha kitu chake, anakichukua, anaondoka, kwa sababu mfilisi anagawa mali za muflisi na kile hakikuwa cha muflisi. Sheria ya Uingereza ya kufilisika ya 1869 iliandika hilo waziwazi, kwamba mali ambayo muflisi anaishika kwa amana ya mtu mwingine haiingii kwenye mgawo. Kwa hiyo ugomvi kwenye kesi hizi huwa ni mmoja tu, wewe ni mdai au mwenye mali?

Dalali aliyekamatwa bandarini

Tuanze na kesi nyepesi. Sir Thomas Plumer alikuwa mwanasheria mkubwa wa serikali ya Uingereza. Mwishoni mwa 1811 alimpa dalali wake, Benjamin Walsh, hundi ya pauni 22,200 amnunulie hati za hazina. Walsh, ambaye tena alikuwa mbunge, alinunua hati kidogo za kupoza macho, sehemu kubwa ya hela akanunulia hisa za Marekani na dhahabu, kisha huyo akaelekea Falmouth, bandari iliyoko kona ya kusini magharibi ya Uingereza, anataka meli atoroke nchi. Wakamdaka hapohapo kabla hajapanda, akavirejesha vile vitu kwa watu wa Plumer. Bunge likamfukuza 1812.

Basi Walsh akafilisika, na mfilisi wake akaja na hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kuikubali. Hisa zilinunuliwa na Walsh, dhahabu ilinunuliwa na Walsh, Plumer hakuwahi kumiliki hisa hata moja ya Marekani, kwa hiyo hivi ni vitu vya muflisi, virudi vikagawiwe wadai wote. Mwaka 1815 Lord Ellenborough na majaji wenzake wakakataa. Wakasema kitu kilichonunuliwa kwa hela ya amana kinarithi hali ya ile hela, ni cha mwenye amana ilimradi kinaweza kutambulika.

Ila palepale Ellenborough akaweka mpaka uliokuja kusumbua watu miaka 65. Alisema uwezo wa kutambua unakwisha pale amana inapogeuzwa hela na kuchanganywa kwenye fungu moja na hela nyingine. Ukifikiria vizuri hilo ni kama darasa la bure kwa matapeli. Walsh kosa lake ni kununua dhahabu, angechanganya tu na hela zake angekuwa amemmaliza Plumer.

Benki hairundiki hela zako kabatini

Kabla ya kwenda mbele lazima tulimalize la benki, maana bila hilo kesi ya Hallett, ile hukumu ya 1880, haitaeleweka.

Mwaka 1829 bwana mmoja anaitwa Foley aliwekewa pauni 6,117 na ushee kwenye benki ya Hill, makubaliano ni riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Miaka ikapita, riba ikaacha kuingizwa, Foley akaja kushtaki 1838. Tatizo likawa sheria ya muda, deni la kawaida ukikaa miaka 6 bila kushtaki umechelewa. Foley akajaribu kuukwepa huo ukomo kwa kusema hii siyo deni, benki ilikuwa inanitunzia amana yangu. Kesi ikapanda mpaka bungeni, kwa mabwana wa juu waliokuwa mahakama ya mwisho ya nchi, na 1848 Lord Cottenham akalifunga. Hela uliyoweka benki ni hela ya benki. Inaitumia inavyotaka, inaikopesha, inafanyia biashara, faida ni yake, na haina dhambi yoyote kwa kufanya hivyo. Wewe ulichonacho ni ahadi ya kulipwa kiasi kilekile ukidai. Yaani umeikopesha benki. Foley akakosa.

Hiyo ndiyo sababu benki ikifungwa mteja anakuwa mdai na anapanga foleni, na ndiyo sababu kuna bima ya amana, ambayo Kenya inalipa hadi shilingi 500,000 kwa mteja tangu 2020 na Tanzania imepandishwa hadi milioni 7.5 mwaka 2023. Kama hela zingekuwa zako kabisa mle ndani bima ya nini? Najua tunaita "amana za benki" na vitabu vya benki vyenyewe vinaandika hivyo, lakini kwa maana ya mahakama si amana.

Kesi nyingine ya benki ilileta kanuni ya kuhesabu. Benki ya Devaynes, mmoja wa wabia akafa 1809, wabia wengine wakaendelea na kazi, benki ikaanguka 1810. Mteja aitwaye Clayton akataka mali za yule marehemu zimlipe salio alilokuwa nalo siku jamaa anakufa. Jaji William Grant, 1816, akaangalia akaunti ilivyokwenda baada ya kifo. Clayton alikuwa ameendelea kutoa na kuweka, na kwenye akaunti inayotembea, jaji akasema, iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Salio lile la zamani alishalitoa lote, zilizobaki ni za kuweka baadaye, marehemu hahusiki. Kwa kesi ile ilikuwa sawa tu. Balaa ni pale kanuni hii ilipopelekwa mahali isipostahili.

Hallett

Henry Hallett alikuwa wakili. Kwenye mkataba wake wa ndoa kulikuwa na hati fungani zilizotengwa kwa ajili ya mkewe na watoto, zina wadhamini wake kabisa (yaani watu walioteuliwa kuishika amana kwa niaba ya wengine), lakini zilikuwa mikononi mwake. Akaziuza kinyemela. Pia alikuwa na mteja, Bi Cotterill, aliyemwachia hati fungani za Urusi amtunzie, mambo ya kuaminiana tu na wakili wa familia. Novemba 1877 hizo nazo zikauzwa, mama hana habari, na hela ikaingia kwenye akaunti ya kawaida ya Hallett benki. Humohumo ndimo alimokuwa anaingiza hela zake na kutoa za matumizi. Februari 1878 akafariki.

Baada ya mazishi ndipo ikajulikana hakuwa na kitu. Madeni kibao. Ila kwenye akaunti kulikuwa na salio, na salio lile lilikuwa linatosha kumlipa Bi Cotterill na wadhamini wa mkataba wa ndoa, lakini wakilipwa hao wadai wengine wa marehemu hawabakiwi na cha maana. Ndio ukaona kazi.

Ukitumia kanuni ya Clayton mambo yanakwenda vipi? Chukua mfano wa namba nyepesi. Jumatatu wakili anaingiza laki 3 za mteja. Jumanne anaingiza laki 4 zake. Jumatano anatoa laki 3 anazitafuna. Akafa Alhamisi, salio laki 4. Kwa kuwa iliyotangulia kuingia ndiyo inatangulia kutoka, zilizotafunwa Jumatano ni za mteja, laki 4 zilizobaki ni za marehemu, zigawiwe wadai wote, na mteja ajipange nao. Tena angalia upuuzi wake, siku za kuweka zingepishana tu, Jumatatu iwe ya wakili na Jumanne ya mteja, mteja anapata laki 3 zake zote. Haki yako inategemea tarehe ambazo hukuzipanga na wala hukuzijua.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa sheria. Hukumu ya 1853, ambayo nayo ilimhusu mfilisi wa serikali aliyechanganya hela za mafungu aliyokuwa anasimamia na za kwake akafa (naam, mfilisi mwenyewe), ilikubali kwamba hela iliyochanganywa benki inaweza kufuatiliwa, lakini ikasema hesabu ifuate Clayton. Jaji Fry aliyesikiliza ya Hallett mwanzo akaona hana mamlaka ya kuikwepa, akaifuata.

Rufani ikasikilizwa na majaji watatu, na aliyeongoza ni Sir George Jessel. Huyu Jessel si wa kupita haraka. Alikuwa Myahudi wa kwanza kushika cheo cha mwanasheria wa pili wa serikali ya Uingereza, kichwa cha hesabu, na alikuwa anatoa hukumu nyingi papo hapo. Hukumu yake ya 1880 ina mfano mmoja ambao nadhani ndio uliomaliza kazi. Alisema tuchukulie mtu ana pauni 1,000 za dhahabu za amana, kaziweka kwenye mfuko, halafu kwa bahati mbaya au kwa namna yoyote kaangushia pauni yake moja mlemle. Sarafu zinafanana, hakuna anayeweza kusema ipi ni ipi. Je, kuna mtu atafikiri jaji atapata shida kusema mwenye amana ana haki ya kuchukua sarafu 1,000 kutoka kwenye ule mfuko? Nani anajali ni sarafu zipi! Na akaunti ya benki, Jessel akasema, haina tofauti.

Halafu akaja kwenye zile za kutoa, na hapa ndipo utamu ulipo. Mtu akiwa na njia mbili za kufanya jambo, moja halali na nyingine ya wizi, hatakubaliwa kusema alifanya ya wizi. Hallett alikuwa na hela zake halali kwenye akaunti, alikuwa na haki ya kuzitumia, kwa hiyo alipotoa hela ya matumizi sheria inachukulia alitoa zake, za watu akaziacha. Si kwamba majaji walikuwa wajinga hawajui Hallett alikuwa haangalii, wanajua sana. Ila mwizi hawezi kuutumia uovu wake kama utetezi, na wadai wake wanasimama kwenye viatu vyake, hawawezi kupata haki ambayo yeye hakuwa nayo. Kwenye ule mfano wetu mteja anachukua laki 3, wadai wanagawana laki 1, ziwe zimeingia siku gani.

Jessel akaongeza jingine ambalo watu wanalipita tu. Bi Cotterill hakuwa na hati ya udhamini, hakuandikishiana na Hallett maneno ya kisheria. Jessel akasema haijalishi kama mtu ni mdhamini kamili, wakala, mkusanya kodi za nyumba au mtunzaji tu wa kitu cha mwenzake, kinachoangaliwa ni kwamba alishika kwa niaba ya mwingine na alitakiwa awe mwaminifu kwake. Wale wanaosema bila karatasi ya mwanasheria hakuna amana, jibu lao liko hapo.

Majaji hawakukubaliana wote. Baggallay alikuwa na Jessel, lakini Thesiger akasema hata kama hukumu ya 1853 ni mbaya sisi tunabanwa nayo, Jessel naye akajibu kwamba kanuni za haki na usawa za Uingereza hazikushuka na mababu, zilibuniwa na majaji ambao tunawajua hata kwa majina, zikaendelea kurekebishwa, kwa hiyo za zamani hazina uzito sana. Kwa maoni yangu Jessel alikuwa sahihi kwenye matokeo, ila msimdharau Thesiger, kwa sababu upande wa pili kuna watu pia. Fundi nguo aliyemkopesha Hallett suti hakumuibia mtu, alimwona bwana mkubwa ana akaunti imenona akamwamini, na leo anaambiwa unono ule haukuwa wake. Wote wawili wameumizwa na mtu yuleyule, tofauti ni kwamba fundi alikubali kumkopesha na Bi Cotterill hakuwahi kukubali.

Pale kanuni inapokwama

Watu wakisikia hivi wanadhani sasa mwenye amana hashindwi. Anashindwa. Tuseme wakili yule alitoa mpaka akaunti ikabaki elfu 50, halafu mwezi uliofuata akaingiza laki 6 za mshahara wake. Huwezi kusema zile laki 6 zimekuja kujaza pengo lako. Mwaka 1915, kwenye kesi ya Roscoe dhidi ya Winder, ilisemwa kwamba unafuata hadi kiwango cha chini kabisa ambacho akaunti ilishuka katikati, kwa hiyo hapo una elfu 50 kama mwenye mali, iliyobaki foleni. Kufuatilia hela maana yake ni kwamba hela ipo.

Na kuna ujanja wa upande wa pili. Mdhamini kachanganya, hela aliyotoa kwanza kanunulia hisa nzuri, zilizobaki akazila zote. Wadai wakasema si mmetuambia anatumia zake kwanza, basi hisa ni zake! Mahakama mwaka 1903, kesi ya Oatway, ikakataa, hisa zikaenda kwa wenye amana. Ile kanuni ya kumdhania mtu uaminifu iliwekwa kumlinda mwenye amana, haigeuzwi ikamkaba.

Kwetu haya yana uzito kuliko watu wanavyodhani, maana mahakama za Kenya zinatumia kanuni za usawa za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania Bara zile za tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu wenyewe hazijasema kitu. Hallett ni ya 1880, iko ndani ya tarehe zote mbili. Ndiyo maana mawakili wanalazimishwa kuwa na akaunti ya wateja peke yake, na ndiyo maana kampuni za hela za simu zinatakiwa kuweka hela za wateja kwenye akaunti za amana, ili kampuni ikianguka mfilisi wake asiziguse.

Ila hapo angalia vizuri, maana kanuni zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja. Hela yako ya M-Pesa iko kwenye akaunti ya amana, kwa hiyo wadai wa kampuni ya simu hawaipati, hiyo ni Hallett. Lakini akaunti hiyo ya amana yenyewe iko benki, na benki ikifungwa mdhamini anayeishika akaunti hiyo anaingia kwenye foleni ya wadai wa benki kama mteja mwingine yeyote, hiyo ni Foley. Ukiona mtu anasema hela ya simu haiwezi kupotea kabisa, anajua nusu.

Kwa upande wa kikoba, mnachohitaji mbele ya msimamizi wa mirathi ni kuonyesha hela zenu ziliingia kwenye akaunti ile na salio halikushuka chini ya kiasi chenu. Daftari la michango lenye tarehe na kiasi, jumbe za miamala kwenye simu za wanachama, muhtasari wa kikao kilichokubali akaunti ya mhazini itumike, halafu stetimenti ya benki ya kipindi chote, siku kwa siku, si ile karatasi ya salio la mwisho. Stetimenti hamtapewa nyie wanakikundi, ataiomba msimamizi wa mirathi au mahakama itaamuru, kwa hiyo barua ya kudai iende mapema kabla mirathi haijagawiwa, na kwenye barua andikeni kwamba mnataka mali yenu iliyoshikwa kwa amana. Mkiandika "tunamdai marehemu" mmeshajipanga foleni wenyewe.